Televisheni ya bure haiuawi na watazamaji

Tarehe 6 Agosti 1956 mtandao wa televisheni wa DuMont, Marekani, ulirusha pambano la ngumi kutoka ukumbi wa St. Nicholas Arena, New York. Vituo vilivyolipokea vilikuwa vitano tu. Pambano lilipokwisha, na mtandao ukawa umekwisha. Ulikuwa hewani tangu 1946, na ulihesabiwa pamoja na NBC, CBS na ABC katika mitandao minne ya nchi ile. Hakuna mtazamaji aliyewahi kuulipia. Ilitosha kuwa na seti sebuleni na antena juu ya paa.

Nauchimbua msiba huu wa mbali kwa sababu huku Mtwara na Lindi tunaeleza kufifia kwa chaneli za bure kwa wepesi mno. Kijiweni utaambiwa simu ndiyo imeua TV. Mtu wa matangazo ya biashara atakwambia watu wanataka mpira na tamthilia, na chaneli za bure hazina hivyo. Kote kuna ukweli wake. Lakini hakuna hata jibu moja hapo linaloeleza kwa nini nyumba yenye TV, umeme na hamu ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku inakaa mbele ya kioo kinachosema kifurushi kimeisha. DuMont inalieleza hilo vizuri zaidi, kwa kuwa watazamaji ilikuwa nao, na vipaji ilikuwa navyo. Ilikosa njia ya kuwafikia watu, na walioifunga njia hiyo walikuwa na sheria mkononi na maelezo mazuri mdomoni.

Mwenye mtandao, Allen B. DuMont, alikuwa mhandisi. Alijenga jina kwa kuboresha lile bomba la kioo lililokuwa moyo wa televisheni za zamani, likawa la kudumu na la kuuzika. TV za chogo zilizojaa majumbani mwetu mpaka juzijuzi ni wajukuu wa kazi yake. Seti zake alianza kuziuza mwaka 1938, na zilisifiwa kwa ubora. Lakini kuendesha mtandao ni kazi ya fedha nyingi, na hapo wenzake walikuwa wamemtangulia. NBC na CBS zilitoka kwenye redio: zilikuwa na wadhamini, wasanii wenye mikataba, na wamiliki wa vituo mikoani waliokuwa wakishirikiana nao tangu miaka ya nyuma. DuMont hakuwa na redio. Alikuwa na maabara, kiwanda cha seti, na mbia mmoja mzito, kampuni ya filamu ya Paramount, iliyonunua hisa kwake mwishoni mwa miaka ya 1930.

Mbia huyo mkumbuke. Nitamrudia.

Mwaka 1948 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilisimamisha utoaji wa leseni mpya za vituo vya televisheni. Sababu ilikuwa ya maana: vituo vilikuwa vikiingiliana mawimbi, na ramani ya masafa ilihitaji kuchorwa upya. Ilidhaniwa kazi itachukua miezi. Ilichukua hadi Aprili 1952. Kwa miaka ile yote nchi kubwa kama Marekani ilibaki na vituo 108 tu vilivyokuwa na ruhusa kabla ya zuio, na miji mingi ilikuwa na kituo kimoja. Jiweke katika nafasi ya mwenye kituo hicho. Mitandao minne inakubishia hodi kuomba saa za jioni, na miaka yote ya redio umekuwa ukila sahani moja na NBC au CBS. Utampa nani? DuMont iliachiwa makombo ya ratiba, saa ambazo wakubwa hawakuzitaka. Hata nyaya za kusafirisha picha kutoka mji hadi mji zilikuwa za kampuni ya simu ya AT&T, ikizigawa kwa saa, na mwenye vituo vichache akapata saa chache.

Zuio hilo lingeweza kuvumilika. Kilichofuata ndicho kilichomaliza kazi. FCC ilikuwa na kanuni kwamba kampuni moja isimiliki vituo zaidi ya vitano, kusudi asitokee bwana mkubwa wa kuhodhi hewa ya nchi nzima. Ni kanuni ambayo hata mimi ningeipigia kura. DuMont alikuwa na vituo vitatu: WABD New York, WTTG Washington na WDTV Pittsburgh. Akaomba viwili zaidi vya kukamilisha tano zake. Akaambiwa hana nafasi, kwa sababu Paramount ina hisa kwake, na kampuni tanzu za Paramount zina kituo Los Angeles na kingine Chicago. Kwa hesabu ya FCC, vitatu na viwili ni vitano. Vituo vile viwili havikuwa vyake, havikurusha vipindi vyake kama vituo vya mtandao, na Paramount haikuwa ikimpa fedha alizozihitaji. Kanuni iliyotungwa kumzuia mkubwa asimeze wadogo ikamfunga mikono mdogo kuliko wote.

Kejeli yenyewe haikuishia hapo. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1948 iliilazimisha Paramount kuachana na majumba yake ya sinema. Kampuni iliyoyarithi majumba hayo ikaungana na ABC mwaka 1953, na ABC, iliyokuwa ikisuasua pamoja na DuMont, ikapata mtaji wa kusimamia miguu yake. Ukoo uleule wa Paramount ukamwokoa mmoja na kumning'iniza mwingine.

Ramani mpya ya mwaka 1952 ilipotoka, ilifungua masafa mengi mapya ya UHF, yaani ya juu kuliko yale yaliyokuwa yakitumika. Kwenye karatasi DuMont angepata vituo vya kutosha. Majumbani hali ilikuwa tofauti, kwa kuwa seti nyingi zilizokwisha kununuliwa hazikuweza kupokea UHF bila kifaa cha nyongeza, na kifaa kilikuwa cha kununua. Vituo vingi vya UHF vikafungwa mapema, vikiwa vinatangaza kwa seti zisizosikia. Anayekumbuka jinsi ving'amuzi vilivyoingia nchini mwetu hahitaji kuelezewa zaidi.

Mkulima wa korosho wa Tandahimba ataielewa habari hii yote kwa njia fupi: unaweza kuwa na mzigo wa daraja la kwanza, lakini kama ghala, mizani na barabara ni vya watu wengine, bei si yako.

DuMont ilipokufa, burudani yake haikufa. Mchekeshaji wake mkubwa, Jackie Gleason, alikwisha kuchukuliwa na CBS mwaka 1952 kwa fedha ambazo DuMont isingeweza kuzifikia, na watazamaji wakaendelea kumcheka wakiwa kwenye chaneli nyingine. Kinachouzika hupata mnunuzi. Kilichopotea ni vile vitu ambavyo mtandao maskini unaweza kuvifanya kwa sababu hauna cha kupoteza.

Mwaka 1950 DuMont ilimpa Hazel Scott, mpiga piano mweusi mzaliwa wa Trinidad, kipindi chake mwenyewe. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza kipindi cha mtandao wa televisheni Marekani, na aliingia studio kama msanii mwenye heshima zake, enzi ambayo filamu zilimtaka mwanamke mweusi avae aproni. Jina lake likatajwa kwenye orodha ya wanaoshukiwa ukomunisti. Septemba akaenda mwenyewe mbele ya kamati ya Bunge kujitetea, na wiki moja baadaye kipindi kikafutwa. Kwa hiyo sitaki mtu anisome kama naipamba DuMont: ilikuwa jasiri kumweka na mwoga kumwondoa. Wala hatuwezi leo kukitazama kipindi chenyewe, kwani hakuna nakala yake inayojulikana kuwapo. Sehemu kubwa ya hazina ya DuMont iliteketea. Mwaka 1996 mwigizaji Edie Adams alieleza katika kikao cha Maktaba ya Bunge la Marekani kwamba mapema miaka ya 1970 filamu za mtandao huo zilipakiwa kwenye malori na kwenda kutupwa katika maji ya ghuba ya New York, kwa kuwa hakuna aliyetaka kulipia mahali pa kuzihifadhi.

Halafu kuna mwaka 1954. Seneta Joseph McCarthy, aliyekuwa akiwatia watu hofu kwa tuhuma za ukomunisti, aliingia katika mvutano na jeshi, na Seneti ikaendesha vikao vya hadharani. NBC na CBS zilikuwa na vipindi vya mchana vinavyoingiza fedha, hivyo hazikuona faida ya kuvikatiza kwa wiki nyingi kwa ajili ya wanasheria na maseneta. ABC na DuMont mchana wao ulikuwa mtupu. Zikavirusha vikao vile kutoka mwanzo hadi mwisho. Wamarekani wakamwona McCarthy kwa macho yao, namna anavyokatiza watu na kutupia tuhuma, na hadhi yake haikupona. Kabla ya mwaka kwisha Seneti ilikwisha kumkaripia rasmi.

Sasa tuje Dodoma. Tarehe 27 Januari 2016 Waziri wa Habari wa wakati ule, Nape Nnauye, mbunge wa Mtama hapahapa Lindi, alilieleza Bunge kwamba TBC, shirika la utangazaji la umma, itaacha kurusha moja kwa moja vikao vyote. Hoja ilikuwa gharama: shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wapinzani walipinga hadi polisi wakaingia ukumbini. Baada ya hapo wananchi wakapewa kipindi kilichorekodiwa na kuhaririwa, cha usiku. Mengi yalisemwa kuhusu siasa za uamuzi ule, nami sina haja ya kuyarudia. Ninachokiona ni hoja yenyewe ya gharama. Kwa mizani ya fedha, kikao cha Bunge cha saa nne asubuhi hakitalipa kamwe, popote duniani. Kikirushwa, kinarushwa na chombo ambacho ama kinalipwa na umma kufanya hivyo, ama kama DuMont, hakina kitu cha maana zaidi cha kuonyesha saa hizo. Sisi wa mikoa ya Kusini tunajua thamani yake. Mei 2013, wakati bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini inasomwa, Mtwara ilikuwa ikifuatilia kila sentensi ya bomba la gesi, na ghasia zilizotokea mjini baada ya hotuba ile zinajulikana. Wapo watakaosema huo ndio ushahidi kwamba matangazo ya moja kwa moja ni hatari. Nadhani ni kinyume chake: hasira ilikuwa imejikusanya tangu mwaka uliotangulia, na kuficha kikao kusingepunguza hata tone lake. Kungeongeza uvumi tu.

Tanzania Bara ilichelewa kuingia kwenye televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973. Sisi tulisubiri hadi 1994, vituo binafsi vilipoanza Dar es Salaam. Tukachelewa kuingia, tukawahi kubadilisha: tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa, mikoa mingine ikafuata kwa zamu. Mfumo mpya ulitenganisha anayetengeneza vipindi na anayemiliki mnara. Kituo kikabaki na studio. Kurusha ikawa kazi ya kampuni zenye leseni za kusambaza matangazo. Mojawapo ni Star Media, ubia ambao TBC ina asilimia 35 na StarTimes ya China ina zinazobaki. Hapa ndipo namkumbuka Paramount. Shirika la utangazaji la umma, lenye wajibu wa kumfikia kila Mtanzania bila malipo, ni mbia mdogo katika kampuni ambayo mkubwa wake anaishi kwa kuuza vifurushi. Sisemi kuna mtu mbaya hapo. Nasema faida ya mkubwa na wajibu wa mdogo haviendi upande mmoja, na mdogo ndiye atakayenyamaza.

Kisha ikaja 2018. TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, iliziambia kampuni za dishi, Azam, DStv na Zuku, ziondoe chaneli za ndani za bure kwenye ving'amuzi vyao, kwa maelezo kwamba leseni zao haziziruhusu kuzibeba, na kwamba wananchi walikuwa wakilipishwa kwa kitu ambacho ni cha bure. Kama kanuni ya vituo vitano, ukiisoma haraka unaipigia makofi. Mwananchi asilipie cha bure! Lakini ramani ya nchi haikusomwa pamoja nayo. Chaneli zile zilibaki kwenye minara ya ardhini, na mnara wa ardhini una mwisho wake. Mawimbi yake hayapindi kufuata bonde. Mtu wa Newala aliye chini ya ukingo, kule Shimo la Mungu linakoangalia bonde la Ruvuma, hawezi kutarajia chochote kutoka mnara uliosimama Mtwara mjini. Kwake dishi ndiyo njia. Siku chaneli zilipotolewa kwenye dishi kwa jina la kulinda haki yake ya kuona bure, aliacha kuziona kabisa, bure na kwa kulipia. Aliyeko Mikocheni alibadilisha king'amuzi, maisha yakaendelea. Masharti yalilegezwa baadaye. Ila kwa biashara ya matangazo, mtazamaji aliyepotea hata kwa miezi ni mtazamaji ambaye hakuhesabiwa, na kituo kisichohesabiwa watazamaji hakipati wadhamini, na kisicho na wadhamini hakina sababu ya kutuma mwandishi Nachingwea.

Wakenya walifanya ugomvi wao hadharani. Februari 2015 mamlaka yao ilizima mitambo ya analojia ya NTV, KTN na Citizen, vituo vilivyokataa kubebwa na wasambazaji wengine na kudai leseni ya kusambaza vyenyewe. Zilikaa gizani siku 19, zikarudi zikiwa na mtambo wao. Unaweza kusema walikuwa wakitetea biashara zao, na ni kweli. Lakini walikuwa wameielewa habari ya DuMont kuliko wengi: studio bila mnara ni mpangaji.

Kuhusu mpira nitasema kidogo, kwa kuwa ndiko hasira nyingi zinakoelekezwa na ndiko zinakokosea zaidi. Mwaka 2021 Azam Media na TFF, shirikisho la soka nchini, walisaini mkataba wa miaka kumi wa haki za ligi kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Matokeo yake shabiki wa Namungo aliyeko Ruangwa anahitaji king'amuzi na kifurushi kuiona timu ya kwao ikicheza ugenini, au ateremke kibanda umiza na sarafu zake. Inauma. Lakini fedha zile ndizo zinazozilipa klabu, Namungo ikiwamo, na hakuna chaneli ya bure nchini ambayo ingeweka mezani hata robo yake. Mpira umekwenda kwa mwenye fedha kama Gleason alivyokwenda CBS. Kuulilia ni kupoteza nguvu. Afadhali tugombanie vile vitu visivyo na mnunuzi: Bunge, baraza la madiwani, bei za mnada wa korosho, tahadhari ya kimbunga. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa baharini kikielekea pwani yetu na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa taarifa baada ya taarifa, ingekuwa aibu kubwa kwa mtu yeyote wa Kilwa kuikosa picha kwa sababu salio la kifurushi lilikwisha tarehe 28 ya mwezi uliotangulia.

Na vifurushi huku vina msimu. Korosho inauzwa kuanzia Oktoba. Fedha zikishaingia, mafundi dishi hawapumziki, kila nyumba inalipia. Ikifika Machi, ving'amuzi vingi ni pambo la mezani. Mtu anayepanga sera ya utangazaji kwa kuhesabu ving'amuzi vilivyouzwa anadhani watu wa Kusini wanatazama televisheni mwaka mzima.

Marekani ilikuja kurekebisha kosa la UHF. Mwaka 1962 Bunge lao lilipitisha sheria ya kulazimisha kila seti mpya kuweza kupokea masafa yote, na ikaanza kutumika 1964. DuMont ilikuwa kaburini miaka minane. Hata hivyo vituo vyake havikufa. WDTV iliuzwa Westinghouse kwa dola milioni 9.75, na wachambuzi wengi wanaona siku hiyo ndiyo mtandao ulipokata roho, maana ndicho kituo kilichokuwa kikileta fedha. WABD na WTTG vilibaki katika kampuni iliyokuja kuitwa Metromedia, na mwaka 1986 vikawa nguzo za mtandao mpya wa Fox. Minara ile ile, miji ile ile, ikafaulu kubeba mtandao wa nne mara mwenye fedha alipoishika.

TV nyingi zinazouzwa sasa Masasi na Lindi zina king'amuzi ndani yake. Kwa hiyo tuko mahali pazuri kuliko Wamarekani wa 1952, ikiwa chaneli za bure zitarushwa bila kufungwa kwa kadi, na ikiwa mnara utafika. Kufika kwa mnara ni suala la fedha, na chombo cha fedha kipo. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, umekuwa ukitoa ruzuku kwa kampuni za simu zijenge minara vijijini ambako biashara pekee isingewapeleka, na TBC imenufaika nao kwa upande wa redio. Sioni sababu ya televisheni ya bure kuachwa nje wakati mnara wa simu umekwisha kusimama kijijini, una umeme na mlinzi.

Kabla ya hapo kuna jambo jepesi ambalo halihitaji hata senti: leseni za wasambazaji wa matangazo zinapohuishwa, TCRA itoe ramani ya wilaya kwa wilaya inayoonyesha wapi mawimbi ya bure yanafika na wapi hayafiki, Liwale, Nanyumbu na Kilwa zikiwamo, na wabunge wa mikoa hii miwili waiombe kwa maandishi kabla ya bajeti ya wizara kupita. Nape Nnauye amewahi kuishika wizara hii, tena mara mbili kwa majina tofauti. Anajua ofisi ya kuuliza.